Chale za Nyanya, Mgongo Wangu

Miaka ya tisini ilinikuta Suna, mjini Migori, nikiwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka la vitambaa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina mume, sina mtoto, nina cherehani na mdomo. Kutoka kwenye kiti changu niliuona mji mzima ukipita: lori za miwa zikielekea Awendo zikidondosha maganda njia nzima, akina mama wa omena, dagaa wa ziwani, na beseni zao kichwani, vijana wa suruali pana wakizurura mbele ya duka la kaseti. Muziki wa duka lile ulianza asubuhi ukaisha jua likizama, nami nilikanyaga pedali kwa mdundo wake bila kujua. Siku hizi nikipita pale sitambui kitu. Veranda ilibomolewa, na siku nilipoona imebomolewa nililia barabarani mchana kweupe, watu wakanipisha.

Watu wengi wanaoniona mgongo, kwa daktari au kwa fundi mwenzangu anayenipima gauni, huniuliza kama nilipata kuwa msanii, au nilikuwa na mchumba mhuni. Huwa nawajibu vile nilivyoamka siku hiyo. Ukweli ni kwamba mchoro ule ulianzia kwa nyanya yangu, na ulitusumbua sana kabla haujatupa raha.

Nyanya huyu, mama mzaa mama, aliishi upande wa Homa Bay, kwenye boma ambalo ukikaa jikoni unaliona ziwa. Tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Dani alikuwa na chale. Si zile mbili tatu za dawa ambazo kila mtu anazo, ila chale za urembo, alizochanjwa akiwa msichana, safu kwa safu za alama fupi zilizoinuka, kuanzia kiunoni zikipanda mgongo mpaka karibu na mabega. Wanawake wa rika lake si wote waliochanjwa, na wale waliochanjwa hawakufanana. Mpangilio wa Dani ulikuwa wa mama yake, na mama yake aliupata kwa mama yake. Nilipokuwa mdogo tulienda naye kuoga ziwani, mahali pa wanawake, na kazi yangu ilikuwa kumsugua mgongo. Nilikuwa napitisha vidole juu ya zile alama kutoka chini kwenda juu, polepole, mpaka anigombeze kwamba maji yanampiga baridi. Sijawahi kushika kitu kizuri kuliko kile.

Mama yangu na mdogo wake hawakuchanjwa. Walisoma shule ya misheni, wakabatizwa, wakaambiwa mambo yale ni ya giza. Mama yangu alifariki nikiwa bado shule, kwa hiyo aliyebaki ni mama mdogo, aliyeolewa kijiji cha jirani. Alikuja kila siku kumpikia mama yake na kumwombea kwa sauti, atake asitake.

Wakati ninaousema, macho ya Dani yalikuwa yameshakwisha. Lakini usidhani alikuwa amekaa tu kwenye mkeka akisubiri uji. Mikono yake iliona. Alichambua omena kwa vidole, akatoa mawe na vikonokono vingi kuliko sisi tuliokodoa macho. Alibangua njugu, alishona mkeka uliochanika, alijua kuku gani ametaga kwa kumpapasa. Mtu akija kusalimia alishika kiganja chake, akakaa nacho kidogo, kisha akamtaja na kumuuliza habari za ng'ombe wake.

Siku moja nilienda kumtembelea na nikawa namsugua mgongo kama zamani, safari hii kwenye karai nyuma ya nyumba. Akasema, bila huzuni, kama mtu anayesema kesho kutanyesha, kwamba yeye ndiye wa mwisho. Akilala, chale zile zinalala naye. Nikamwambia aniwekee mimi. Alicheka sana, akaniambia mgongo wangu ni wa kukaa kwenye kiti cha cherehani. Tukaacha hapo. Asubuhi yake, nikiwa nafunga mfuko wangu nirudi Migori, aliniita akanishika mkono.

"Nyakwara, jana ulisema kweli?"

Nyakwara maana yake ni mjukuu wangu, na alilitamka taratibu sana. Nikasema kweli. Akasema basi tufanye upesi, kwa sababu anataka kuzishika kwa mkono wake mwenyewe zikiwa kwenye mgongo wa mtu aliye hai, kabla hajaondoka. Hilo tu ndilo alilotaka duniani. Na hakutaka mchoraji yeyote tu. Atakayenigusa, alisema, lazima yeye amshike mkono kwanza.

Mtu wa kwanza tuliyemwendea alikuwa bibi mmoja wa upande wa Rodi Kopany, ambaye ujanani alikuwa akiwasaidia wale waliochanja. Alitupokea vizuri, akatupa chai na viazi vitamu. Tulipotaja kilichotuleta, alianza kuomba. Aliomba mpaka chai ikapoa. Alikuwa ameokoka, alisema, na ule mwiba wa kuinulia ngozi aliutupa chooni pamoja na tumbako yake. Mama mdogo, aliyekuwa ametusindikiza kwa kununa, alifurahi mno, wakaimba wote wawili.

Ila hata kama bibi yule angekubali, tusingeendelea. Miaka ile ugonjwa ulikuwa umeingia kila boma. Watu walienda kwa kinyozi na wembe wao mfukoni, na akina mama waliogopa hata kutobolewa masikio. Njiani tukirudi Dani aliniambia wembe hautanigusa, amezika watoto wa kutosha. Nikamweleza kwamba vijana wa mjini siku hizi wanatumia sindano na wino, na mimi mwenyewe nitanunua sindano mpya. Akauliza kama sindano inaingia kwenye ngozi. Nikasema inaingia. Akauliza kama damu inatoka. Nikasema kidogo. Akatikisa kichwa, akaridhika, nami nikaridhika kwamba ameridhika.

Basi nikamchukua akae nami Migori kwa muda. Jirani na duka letu kulikuwa na kijana aliyeandika vibao vya bucha na saluni, na jioni aliwachora vijana wenzake mikononi kwa sindano zilizofungwa na uzi kwenye kijiti. Suna yote ilijaa nge na mioyo yake. Nilimleta kwenye veranda, Dani akamshika kiganja. Kijana akausikiliza mchoro niliomweleza, akaupenda, halafu akaanza kuuboresha.

"Siste, hapa juu tuweke tai amepanua mabawa. Itabamba hadi Kisii."

Dani hakujua Kiswahili kingi lakini aliuachia mkono wake. Aliniambia kwa Kijaluo nimuulize huyu kijana ana haraka ya kwenda wapi. Nilimwambia kijana tutamwita, na yeye akajua kwamba hatutamwita, tukabaki marafiki.

Mwenye duka letu alikuwa Mwislamu kutoka pwani, na mkewe alikuwa akiwapaka hina maharusi wa mjini, hata wasiokuwa Waislamu walipofika siku za harusi walipanga foleni kwake. Nimemwona akichora ua kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye kiwiko bila kuinua mkono. Dani alipokishika kiganja chake alikinusa, akakigeuza, akakataa kukirudisha. Alimtaka huyu. Ilibidi mama wa watu acheke na kutueleza kwamba kazi yake haikai, ikioshwa wiki mbili imekwenda, na sindano hajawahi kuishika ila ya kushonea. Lakini aliketi nasi, na kabla ya kuondoka aliniambia neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote, hata katika kuchagua mume.

"Mwanangu, fundi usimtazame anapopatia. Kaa umngoje akosee, uone atafanya nini."

Hivyo ndivyo tulivyompata mtu mmoja wa Homa Bay. Alikuwa mpaka rangi wa mashua za wavuvi, mtu mzima, mkimya, anafanyia kazi kwenye kibanda cha mabati si mbali na gati. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye meli Mombasa, na huko akajifunza kuchora watu. Alikuwa na mashine aliyojitengenezea: mota ya redio kaseti, mrija wa kalamu, waya wa gitaa uliopindwa, na mawe ya tochi, yaani betri, yaliyofungwa kwa mpira. Nilipoiona nilitaka kurudi nyumbani. Dani alisema tukae.

Tukakaa juu ya mashua iliyofunikwa, mimi, yeye na mama mdogo, tukamngoja yule mpaka rangi akiandika jina ubavuni mwa mashua nyingine. Ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia, maboya ya nyavu yameanikwa, na harufu ya rangi na samaki mbichi imejaa pua. Mimi nilikuwa namsimulia Dani kila kitu. Karibu na herufi ya mwisho rangi ilimwagika, ikateremka mstari mrefu. Hakutukana. Hakuangalia kama kuna aliyemwona. Alichukua kitambaa akaifuta herufi yote, na nyingine iliyokuwa kando yake ambayo haikuwa na kosa, kisha akaweka brashi kwenye kopo, akakaa chini kungoja ubao ukauke. Nilimwambia Dani alivyofanya, na kwamba sasa amekaa tu anatazama maji. Dani akasema apelekwe kwake.

Alikishika kiganja cha yule mzee muda mrefu, mpaka mzee wa watu akaanza kuona haya na kunitazama. Kilikuwa kigumu, kimepasuka, kinanuka mafuta ya taa.

"Huyu anaweza kungoja," Dani akasema. "Ni yeye."

Yule mpaka rangi alitaka kuona anachotakiwa kuchora. Mgongo wa Dani asingeweza kuuona. Dani asingekubali, na mama mdogo angezimia. Kwa hiyo tulirudi nyumbani na mimi nikafanya kazi ya kifundi. Nilichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia, nikampaka Dani mgongo mzima, nikafuta juu juu, nikatandaza kipande cha marekani, kitambaa cheupe cha pamba, juu yake na kukikandamiza kwa viganja. Alicheka mpaka akakohoa, akasema sasa amekuwa chapati. Marekani ya kwanza iliharibika, ya pili pia. Ya tatu nilipoibandua niliipeleka mlangoni penye mwanga. Zilikuwa zote pale, safu kwa safu, nyeusi juu ya nyeupe. Nilizoea kuzijua kwa vidole. Sikuwa nimewahi kuziona hivi, zikiwa zimetandazwa nje ya mwili wake kama kitambaa cha kukatwa nguo. Nilizipenda nikaogopa kwa wakati mmoja.

Kazi ilichukua safari nyingi. Nilikuwa nafunga cherehani siku mbili, nakwenda Homa Bay, nalazwa kifudifudi kwenye benchi ndani ya kile kibanda, mlango ukiwa wazi upande wa ziwa. Sindano nilinunua mwenyewe, na kila siku mzee alizichemsha mbele yangu kwenye sufuria ndogo, ingawa zilitoka kwenye pakiti. Wino ulikuwa ule mweusi wa kuchorea ramani. Maumivu yake sitayapamba. Kwenye nyama yanavumilika, lakini kwenye mfupa wa mgongo nilitafuna kona ya leso mpaka ikatoboka, na nilimtukana yule mzee kwa lugha tatu. Hakunijibu hata siku moja. Nikianza kutetemeka alizima mashine yake na kungoja.

Mama mdogo alikataa mambo yale kwa roho yake yote, lakini alikataa zaidi mimi nikae mgongo wazi na mwanamume bila mtu wa ukoo. Kwa hiyo alikuja kila mara. Alikaa kwenye kigoda ametupa mgongo, mwavuli umefunguliwa ndani ya nyumba, akirudia kwamba yeye haoni kitu na hataki kuona. Baada ya safari ya pili au ya tatu, sauti ikatoka nyuma ya mwavuli ikiuliza kama pale kushoto hapajapinda. Mzee akatazama marekani, akatazama mgongo wangu, akasema hapajapinda. Nilicheka mpaka sindano ikabidi isimame.

Safari ya mwisho mzee aliipitia upya mistari yote, kiunoni mpaka mabegani, ili wino ukolee. Sasa ngozi ikichorwa, wanaojua wanajua, inavimba. Halafu inafanya vigaga, na kila kigaga kinakaa juu ya mstari wake. Siku chache baada ya kazi kumalizika nilikuwa kwa Dani, siwezi kulala chali, siwezi kuvaa blauzi, nimejifunga leso kifuani na mgongo nimepaka mafuta ya mgando. Aliniita nikae mbele yake kwenye mkeka. Alinawa mikono kwanza. Kisha akaanza chini, kiunoni, akapanda.

Sikumwona uso wake, kwa kuwa nilikuwa nimempa mgongo, na kila alipogusa paliuma. Lakini nilizisikia pumzi zake zikibadilika. Alikwenda safu kwa safu, akawa anataja chinichini: hii, na hii, na hii. Alipofika juu akapiga kigelegele. Mwanamke wa umri ule, kigelegele chembamba kinachokatika katikati. Majirani wakaja kuuliza nani ameolewa. Aliwaita wote, wanaume akawafukuza, wanawake akawashikisha mgongo wangu mmoja mmoja, na mimi nauma meno. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Alisema sasa anaweza kwenda. Nikamwambia asithubutu, sijapitia haya yote ili anikimbie. Akasema basi atangoja kidogo.

Nilirudi Migori nikashona nguo za Krismasi za watu. Vigaga vilianguka vyenyewe kimoja kimoja, vingine niliviokota kwenye shuka. Mke wa mwenye duka alinitazama mgongo kwa vioo viwili, akasema hajaona kazi safi kama hiyo tangu atoke kwao. Mistari ilikuwa imetulia, myeusi, imekaa kwenye ngozi kana kwamba nimezaliwa nayo. Nilijitazama mpaka shingo ikauma. Wiki chache baadaye nikapata nafasi ya kwenda kumwonyesha Dani ikiwa imepona.

Alinawa mikono kama mara ya kwanza. Akaanza chini. Vidole vikapita kiunoni, vikarudi, vikapita tena. Vikapanda mpaka mabegani, vikashuka. Akaninyanyulia leso akapapasa pembeni, kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Nikamuuliza kuna nini.

"Mikono yangu imekufa," akasema.

Nikamwambia ni baridi ya asubuhi. Nikampashia maji, akaitumbukiza mikono, akajaribu tena, akaacha. Na mimi, Mungu ananiona, niliamini kama yeye. Alikuwa mzee; macho yalikwenda, nikadhani sasa na vidole vinafuata. Nilimpaka mafuta, nikamwachia sukari na majani ya chai, nikarudi kwenye veranda yangu na moyo mzito.

Baadaye utingo wa lori la miwa akanipa ujumbe kutoka kwa mama mdogo. Dani ameacha kuchambua omena. Ameacha njugu. Mtu akija kumsalimia anaficha mikono chini ya leso na kuuliza ni nani. Hali yake nyingine ni nzuri, hana homa, hana kikohozi, ila anakaa. Ukimpa kitu cha kufanya anasema mikono haioni tena, wasimpe kazi ya watu wenye mikono.

Nilikaa na ujumbe ule siku nzima nikishona ovyo. Mteja mmoja alikuwa ameleta mashuka mawili niyapige pindo. Moja lilikuwa limetariziwa maua na mama yake, jingine la maua ya kupigwa kiwandani. Nikiwa nalisukuma lile la kwanza chini ya sindano nilisikia nyuzi za maua kwenye kiganja, kila jani. Nikaweka la pili. Kiganja kikateleza kama juu ya meza. Maua yalikuwa pale, mekundu, makubwa, na mkono wangu haukuyajua. Niliondoa mguu kwenye pedali. Mke wa mwenye duka akauliza kama nimejichoma.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria. Dani, katika maisha yake yote, hakuwahi kujua alama ya mwilini ambayo haiinuki. Sindano inaingia, damu inatoka, kwa hiyo itainuka, kama mwiba. Mimi nilimweleza kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu kwangu mchoro ni kitu cha kutazamwa. Alichoshika siku ile ya kigelegele kilikuwa uvimbe na vigaga. Tulimchagua fundi kwa mikono ya kipofu, tukampa kazi ya macho.

Nilisafiri kesho yake. Mama mdogo nilimkuta jikoni, nikamwambia. Alikaa chini. Alifikiri kidogo, kisha akanishika magoti akanisihi nisiseme. Mama yake alipata furaha yake mara moja, alisema, alizishika, alipiga kigelegele, wanawake wote ni mashahidi. Nikimwambia leo kwamba hakuna kitu, nitakuwa nimemnyang'anya hata ile siku. Heri aamini ni uzee.

"Akiamini ni uzee, tumemzika na mikono yake mizima," nikamjibu, kwa ukali ambao hakustahili.

Akalia. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha nikaingia ndani.

Dani alikuwa amekaa alipokaa siku zote, mikono chini ya leso. Aliitambua hatua yangu. Nilipiga magoti mbele yake, nikautoa mkono wake wa kulia, nao ukawa mzito kama mkono wa mtoto aliyekataa kuoshwa. Sikumweleza kitu. Niliupitisha nyuma yake, chini ya blauzi, nikauweka kiunoni kwake mwenyewe.

Vidole vilikaa tu. Halafu kimoja kikasogea. Kikapata alama, kikaivuka, kikapata nyingine. Akautoa mkono wangu juu ya wake, akaendelea peke yake mpaka mkono ulipoishia.

"Ziko," akasema.

"Ziko, Dani. Mikono yako haina neno. Ni zangu ambazo hazikuinuka. Wino unakaa ndani ya ngozi, haupandi juu. Ulizoshika siku ile zilikuwa vidonda, na vidonda vimepona."

Nje kuku walikuwa wakigombana. Niliogopa kuliko nilivyoogopa sindano.

"Kwa hiyo ni za wenye macho," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na wewe mgongo wako huuoni."

"Siuoni."

"Basi mimi na wewe tumefanya kazi." Alicheka kidogo, lakini kicheko kilimwishia mdomoni. Aliitazama mikono yake, kama wafanyavyo vipofu, uso umeinama kwenye kitu wasichokiona. Mikono alikuwa ameipata. Zile chale za mgongoni mwangu alikuwa amezikosa, na alijua kwamba sasa hatazipata kwa mkono wake tena.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Aliingia, akavua viatu, akaniambia nigeuke na nishushe leso. Nikageuka. Akapiga magoti nyuma yangu kando ya mama yake, akachukua kile kidole cha shahada cha Dani akakishika kwa mkono wake kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika, akakiweka chini kabisa, kiunoni mwangu. Akakibonyeza. Akakisogeza, akakibonyeza tena.

"Hapa," akasema. "Na hapa. Na hapa."

Wakaenda hivyo, safu ya kwanza, ya pili. Mkono wa mama mdogo ulikuwa na jasho, kucha ya Dani ilikuwa inanikwaruza, na machozi ya mmoja wao yalikuwa yananidondokea mgongoni, sikujua ya nani. Nilikuwa nimekaza macho kwenye ukuta. Mwanzo Dani alifuata tu. Halafu akaanza kutaja chinichini kama siku ile, na baada ya kidogo akawa anataja kabla kidole hakijafika. Walipanda mpaka katikati ya mgongo, pale mfupa unapotokeza, mama mdogo akiongeza mwendo kwa kuwa sasa ameizoea njia. Dani akakaza kidole kisiende.

"Rudi. Umeruka moja."

Mama mdogo akasema hakuna, amepita zote. Dani akamwambia atazame vizuri. Nikasikia uso wa mama mdogo ukisogea mpaka pumzi zake zikanigusa ngozi. Akaiona. Ilikuwa ndogo, peke yake, imejitenga na safu, karibu na mfupa. Yule mzee wa mashua aliitoa kwenye marekani kama ilivyokuwa, bila kuuliza. Mama mdogo akakirudisha kidole cha mama yake pale, akakibonyeza kwa nguvu.

"Hiyo," Dani akasema. "Hiyo mama yangu aliichanja kwa mkono wake, wachanjaji walipokwisha kuondoka. Sasa endelea."